Maji Hayasawazishi Kitako: Dhana Potofu Kuhusu Kubadilisha Turubai la Tangi la Samaki

Mwezi huu peke yake wateja watatu, mmoja wa Kibaha, mmoja wa Mbagala na mwingine wa Bagamoyo, wameniambia maneno yale yale kana kwamba walikaa kikao: "Fundi, wewe tandika tu hilo turubai jipya, maji yenyewe yatasawazisha hapo chini." Wote watatu waliniita kwa sababu turubai la kwanza lilikuwa limetoboka kabla ya kumaliza misimu miwili ya samaki, na wote walikuwa wamekwisha kulipia vifaranga, kwa hiyo walitaka kazi ianze na kuisha siku hiyo hiyo. Haraka yao naielewa, lakini dhana hiyo imenichosha, kwa kuwa katika matangi ambayo nimeitwa kuyatengeneza imeharibu maturubai mengi kuliko jua, panya na samaki wakijumlishwa pamoja.

Tuanze na uzito wenyewe, kwa sababu ndio unaowadanganya watu. Tangi la mviringo, yaani turubai lililozungushiwa ukuta wa wavu wa chuma, lenye kipenyo cha mita 4 na maji ya kina cha mita 1.2 hubeba lita zipatazo 15,000, yaani tani 15. Mtu akisikia tani 15 hufikiria lile gurudumu la chuma linaloshindilia barabara, akaamini kwamba kila kilichoinuka kitalala. Gurudumu la chuma ni gumu, kwa hiyo hukanyaga kilele cha kifuduma, yaani kijituta, kwanza na kuacha bonde bila kuligusa. Maji hayana ugumu huo. Hubana kilele na bonde kwa pamoja, kwa nguvu inayokaribia kuwa sawa, na ndiyo sababu kifuduma hubaki kifuduma na bonde hubaki bonde. Kinacholegea na kufuata umbo la mwenziwe ni turubai, si ardhi.

Sasa chukua jiwe moja lenye ukubwa wa korosho lililosahaulika chini. Kila eneo la sentimita 10 kwa 10, sawa na kiganja cha mkono, limebeba kilo 12 za maji. Nguvu hiyo hulisukuma turubai kuzunguka jiwe pande zote mpaka likalivaa kama ngozi ya ngoma, na pale kwenye ncha turubai huvutika kuliko mahali pengine popote. Siku ya kwanza halitoboki. Litakuja kutoboka baada ya miezi, pale ambapo mvunaji ameingia na wavu wake mara kadhaa na kukanyaga ncha ile ile, na kwa kuwa muda mrefu umepita hakuna anayelikumbuka jiwe. Tundu hilo dogo likishapatikana, maji yanayovuja huondoka na mchanga, shimo hutokea chini ya turubai, turubai huning'inia juu ya shimo, na kilichokuwa tundu la sindano hugeuka kuwa mpasuko.

Yule mteja wa Bagamoyo alishikilia kwamba kambare wake ndio waliotoboa kwa miiba yao. Nilimwomba tuliangalie tundu pamoja kabla ya kulikunja turubai la zamani. Kingo zake zilikuwa zimechomoza kuelekea juu, upande wa maji, na kitu kinachochomwa kutoka ndani hakiwezi kuwa na kingo za namna hiyo. Tulipoinua turubai tulikuta kisoda, meno yake yakiangalia juu, kimekaa ndani ya mchanga ule ule alioununua kwa lori na kuumwaga bila kuuchekecha. Tangu hapo nawasihi wafugaji wote: kabla ya kulitupa turubai lililotoboka, wekeni alama ya kalamu kuzunguka kila tundu, kisha chimbeni kwa vidole mahali hasa lilipokuwa limelalia. Sababu karibu kila mara ingali palepale.

Utaratibu wangu wa kukagua kitako, yaani ardhi inayolaliwa na turubai, ni wa polepole, na sitaubadilisha kwa ajili ya haraka ya mtu. Baada ya kuondoa takataka, kupiga reki na kushindilia udongo ukiwa na unyevu kidogo, napiga magoti na kupapasa kitako chote kwa kiganja kitupu, mstari kwa mstari, kwa sababu glovu na soli za viatu huficha mengi. Kisha nasubiri jua lizame, nailaza tochi chini kabisa, na kuangaza sambamba na ardhi. Kila kifuduma, hata cha urefu wa punje ya mahindi, hutupa kivuli kirefu ambacho mchana huwezi kukiona. Wateja hulalamika kwamba ninawacheleweshea kazi kwa siku nzima, nami huwajibu kwamba siku moja ya kungoja giza ni nafuu kuliko msimu mzima wa kuziba viraka.

Dhana inayofuatana na hiyo ni kwamba kiwanja kikiinama, dawa yake ni kujaza kifusi upande wa chini. Kwa tangi linalosimama juu ya ardhi hili ni kosa kubwa, kwa sababu udongo uliojazwa huendelea kushuka chini ya uzito na ukuta wa wavu wa chuma huufuata. Mduara ukishalala upande, turubai huvutwa upande mmoja na kukunjamana upande wa pili. Sahihi ni kuchimba upande ulio juu mpaka ulingane na ulio chini, ili ukuta wote usimame juu ya udongo ambao haujawahi kuchimbuliwa. Upimaji ufanywe kwa bomba la mpira mwangavu lililojaa maji, kutoka kigingi hadi kigingi, na tofauti isizidi sentimita 2 mduara mzima. Ni kweli kwamba kuchimba kunachosha kuliko kumwaga toroli za kifusi, lakini huchimbi mara mbili.

Wapo wanaoliacha turubai la zamani chini "liwe kapeti". Mikunjo yake, mapindo yake na vile vitundu vyenye pete za chuma vyote hugeuka kuwa matuta chini ya turubai jipya, na maji yakiingia kati ya maturubai mawili hukaa humo, yakioza na kukuficha mahali yanapovujia. Litolewe, lioshwe, likatwe vipande visivyo na pindo, kisha vipande hivyo vining'inizwe ndani ya wavu wa ukuta ili ncha za nondo zisiguse turubai jipya. Hapo ndipo lina faida.

Kuhusu mchanga nitasema kwa ufupi. Sentimita 5 za mchanga wa mtoni uliochekechwa zinatosha, lakini mchanga hulainisha tu; hauzuii chochote kinachotoka chini kupenya. Mchanga wa pwani usitumike kabisa, kwa kuwa una vipande vya makombe na chumvi inayokula wavu. Magunia ya mkonge nayo huoza na kuacha mashimo. Anayekosa kitambaa maalumu cha kutandika chini atumie magunia ya sandarusi yaliyopasuliwa na kukatwa mishono, yakapishana kwa upana wa shubiri moja.

Ndago ndiyo adui ambaye wengi hawamwamini mpaka wamwone. Chipukizi lake lina ncha ngumu inayopenya plastiki kutoka chini, na kung'oa majani hakusaidii, kwa sababu viazi vyake vidogo hubaki udongoni vikachipua tena. Mahali penye ndago pachimbwe, udongo uchekechwe na viazi vyote viondolewe. Ushauri wa kumwaga oili chafu ili kuua ndago na mchwa kwa pamoja naupinga kwa nguvu zangu zote, kwa maana mafuta ya petroli na jamii yake huharibu turubai la plastiki aina ya PVC, yakalidhoofisha palepale unapotaka liwe imara. Chumvi nayo huua majani, lakini itakuozeshea chuma.

Na wanaosema kwamba zege huondoa haja ya maandalizi waipapase zege yao kwa kiganja. Kama haikusuguliwa kwa mwiko wa chuma ikawa laini, ni msasa mtupu, na turubai litasagika kila mvunaji anapotembea juu yake. Iwe zege au udongo, pembe ambapo ukuta unakutana na sakafu lazima ijazwe mteremko mdogo wa udongo ulioshindiliwa, wa kimo cha sentimita 15 hivi, mduara mzima. Bila mteremko huo turubai huning'inia kwenye pembe, na maji hulisukuma kupita chini ya wavu.

Turubai jipya lianikwe juani walau nusu saa ili mikunjo yake ilegee, kisha litandikwe bila kuburuzwa. Ingiza maji ya sentimita 5 tu, usimamishe pampu, na uondoe mikunjo kwa nyayo tupu kutoka katikati kwenda pembeni, maana kina kikishazidi hapo hutaweza tena kuisogeza. Baada ya kujaza, chora mstari usawa wa maji na uliache tangi siku tatu bila samaki. Milimita chache zinazopungua kila siku ni mvuke wa kawaida, lakini sentimita 2 kwa usiku mmoja ni tundu, na ni heri ulitafute sasa kabla gari la vifaranga halijafika getini.