Kaunti mbili, mpaka mmoja, faili mbili: hapo ndio shida inaanzia

Ukiuliza Maseno, ule mji wa mpakani hapa Kenya, iko kaunti gani utapata majibu mawili, inategemea umemuuliza nani, wa Kisumu atakuambia ni yetu na wa Vihiga atakuambia ni yetu tangu zamani. Mimi kazi yangu ni data za ramani, siasa siiwezi, kwa hivyo hapa sitaamua Maseno ni ya nani. Nataka kuongea kuhusu jambo linalokuja kabla ya hiyo kesi na ambalo ofisi nyingi za kaunti zinaliruka. Ata mahali ambapo hakuna ugomvi wowote, ata pale wazee wa pande zote wanakubaliana mpaka ni ule mto na ile barabara, kila kaunti bado ina faili yake ya mpaka kwa kompyuta yake na hizo faili mbili ukiziweka pamoja hazilingani.

Imetoka wapi hii? Kaunti zetu 47 zilianza kazi 2013 na mipaka yake imefuata zile wilaya za sheria ya 1992, na hizo hazikuchorwa na GPS, ni maelezo ya maandishi na mistari kwa karatasi. Sasa kila kaunti ikatafuta mpaka wake vile ingeweza. Mmoja akaskani ramani ya zamani ya 1:50,000 na kuufuata mstari kwa mausi, mwingine akachukua maeneo ya sensa ya 2019, mwingine akachukua wodi za IEBC, ile tume ya uchaguzi, akaziunganisha akapata umbo la kaunti, na kila mmoja anaapa yake ndio sahihi. Yaani ukweli ni kwamba hizo zote zilitengenezwa kwa kazi tofauti. Mistari ya sensa ilichorwa ndio karani wa kuhesabu asiruke nyumba na asihesabu nyumba mara mbili, haikuchorwa ikaamue ushuru wa soko. IEBC nayo inashughulika na maeneobunge 290 na wodi 1,450, mpaka wa kaunti kwa kaunti sio wa kwake kuubadilisha.

Na ule mstari wa karatasi wenyewe una unene. Kalamu ya nusu milimita kwa ramani ya 1:50,000 ni mita 25 ardhini, na kwa ramani ya 1:250,000 ni mita 125, hapo mstari mmoja umemeza safu nzima ya maduka ya soko, na mtu anakuja na namba ya desimali sita kwa kompyuta akidhani ako na usahihi wa sentimita.

Matokeo yake ndio haya: faili ya huku na faili ya jirani zikiwekwa pamoja unaona vipande vyembamba vyembamba kando ya mpaka, vingine vimelaliana, vingine ni pengo tupu. Kwa kile kipande kilicholaliana mwenye duka anatembelewa na maafisa wa mapato wa pande mbili, kila mmoja na kijitabu chake cha risiti, na wote wakiwa na ramani inayosema wako sawa. Kwa pengo ni kinyume, taka haichukuliwi, ukipiga simu ya ambulensi unaambiwa hapo sio kwetu jaribu wale wengine, na kwenye bajeti hiyo sehemu haipo kabisa manake kwa ramani hakuna mtu anaishi hapo.

Turudi Maseno kidogo kwa sababu hapo kuna kitu kingine cha kiufundi ambacho mimi hunifurahisha sana, ingawa kinaweza kukuharibia wiki nzima. Ikweta inapita palepale. Sasa ule mfumo wa vipimo vya mita tunaotumia, UTM, unaikata dunia vipande virefu vya kusimama vinavyoitwa kanda, kila kanda na upande wake wa kaskazini na wa kusini, na unahesabu umbali wa kaskazini kuanzia Ikweta, lakini kwa upande wa kusini ili kuepuka namba hasi wanaanza na 10,000,000. Kwa hivyo nyumba iliyo mita 200 kaskazini mwa Ikweta, kwa ofisi inayotumia kanda ya 36 kaskazini ni 200, na nyumba ya mita 200 kusini, kwa ofisi inayotumia 36 kusini ni 9,999,800. Ni majirani wanaoazimana chumvi lakini kwa namba wako mbali kilomita karibu elfu kumi. Kompyuta inaweza kuwaweka pamoja bila shida yoyote, ila lazima iambiwe hizo namba ni za kanda gani, na hiyo habari inakaa kwa kale kafaili kadogo ka .prj ambako watu hukaacha nyuma. Utatumiwa kwa imeli zile faili zingine za ramani hiyo, .shp, .shx na .dbf tu, ukifungua ukakisia kanda vibaya, nusu ya Kisumu inaenda kukaa karibu na Ncha ya Kaskazini kwa barafu.

Hilo kosa angalau linaonekana. Linaloniogopesha ni lile dogo. Kila ramani ina msingi wake, yaani umbo la dunia ambalo vipimo vyake vinaanzia, na ramani zetu za zamani zinatumia msingi wa Arc 1960 lakini GPS ya simu yako inatumia WGS84, na mkichanganya hizo mbili bila kubadilisha, kila kitu kinahama karibu mita 300, hasa kaskazini-kusini. Mita 300 haikupeleki kwa barafu, inakupeleka tu ng'ambo ya barabara, kwa soko la jirani, na kwa skrini inaonekana sawa kabisa. Mahali kama Sondu, ambapo Kisumu na Kericho wanavutana, au Mtito Andei kati ya Makueni na Taita Taveta, hiyo mita 300 ni vita. Kabla ya watu kuanza kubishana nani ameiba ardhi ya nani, ningeuliza kwanza hizi ramani mbili ziko kwa msingi mmoja?

Kwa hivyo tunashauri kaunti zinazopakana zifanye nini. Cha kwanza, mnapopeana data peaneni kwa latitudo na longitudo za WGS84, halafu kila mtu akifika kwake abadilishe kwa mita anavyotaka. Nakuru kwa mfano haina ata uchaguzi, mstari wa digrii 36 mashariki unaigawa, Molo inaangukia kanda ya 36 na Naivasha kanda ya 37, sasa utachagua gani?

Cha pili na hiki ndio kikubwa, acheni kupeana umbo zima la kaunti. Peaneni mstari. Mpaka wa Kisumu na Vihiga ni mstari mmoja unaomilikiwa na wawili, kama vile ukuta wa ploti mbili zinazoshikana, hakuna haja ya kila mtu ajenge wake. Mkiuweka kama mstari mmoja, halafu umbo la kila kaunti litengenezwe na kompyuta kutoka kwa hiyo mistari, mapengo na kulaliana kunaisha kwenyewe kwa sababu hakuna mstari wa pili wa kutofautiana nao. Anayeutunza awe mmoja, anayejulikana. Kisumu, Vihiga na Kericho wote wako kwa ile jumuiya ya kaunti za ukanda wa ziwa, na Pwani wako na Jumuiya yao ya kaunti sita, kwa hivyo mahali pa kuweka hiyo kazi pako tayari, na kifungu cha 189 cha katiba kinaruhusu kaunti kuunda kamati za pamoja. Haihitaji sheria mpya, inahitaji barua ya makubaliano na mtu mmoja anayejua kazi.

Kila kipande cha mstari kiandikwe kimetoka wapi, lini, kwa ramani ya kipimo gani, na hali yake: kimekubaliwa, hakijapimwa ardhini, au kina ugomvi. Hapo kwa ugomvi ndio watu huogopa, gavana anafikiri akikubali neno ugomvi liandikwe kwa data atakuwa amepoteza. Hapana bana. Mkiwa na madai mawili andikeni mistari yote miwili na muonyeshe wazi gani ni dai la nani. Faili haihamishi mpaka. Kifungu cha 188 kinataka pendekezo la tume huru iliyoundwa na Bunge, halafu thuluthi mbili ya wabunge wote na thuluthi mbili ya wajumbe wa kaunti kwa Seneti, sasa kijana wa GIS, huyu wa ramani za kompyuta, na laptop yake atapita wapi hapo?

Tarehe nayo msiidharau, hasa kwa mito. Kati ya Garissa na Tana River kuna wanaosema mpaka ni mto wenyewe na kuna wanaosema ni maili tatu mashariki ya mto, na Mto Tana kule chini una tabia ya kuhama ukifurika. Kwa hivyo ukiandika tu "mpaka unafuata mto" hujasema kitu, mto wa picha ya satelaiti ya mwaka gani? Ata hizo maili tatu unaanza kuzihesabu kutoka kingo gani? Matoleo ya zamani msiyafute, yapeni tarehe muyaweke, kwa sababu siku moja mtu ataletwa kortini na risiti ya miaka sita nyuma na mtaulizwa siku ile mpaka wenu ulikuwa unasoma nini. Jina kama mpaka_final_mpya2.zip halitawasaidia.

Na la mwisho, mkishaanza kupeana data mtaingiwa na tamaa ya kupeana kila kitu, ploti na majina ya wenye ploti na namba zao za simu zote kwa fleshi moja. Mstari wa mpaka sio siri, wekeni wazi ata mwananchi audownlodi. Lakini majina na simu za watu zinalindwa na sheria ya data ya 2019, hizo zibaki kwa ofisi iliyozikusanya, jirani akizihitaji kwa kazi fulani aombe kwa maandishi na apewe zile za hiyo kazi tu.