Eafraya haikaangi pete za vitunguu

Wengi hununua eafraya (air fryer, kikaangio cha hewa moto) wakiamini kwamba inakaanga bila mafuta: unachovya pete za kitunguu kwenye rojo lilelile la bajia, unazitia ndani, zinatoka kavu za kuvunjika. Hazitoki hivyo. Rojo huchuruzika kwenye matundu ya kikapu, na unachobaki nacho ni kitunguu kilichonyauka chenye mabaka ya unga.

Chombo hiki ni oveni ndogo yenye feni kali, basi. Mafuta ya nyuzi 180 hulizunguka rojo pande zote na kuligandisha papo hapo. Hewa, hata iwe na joto zaidi, hupeleka joto hilo polepole, na rojo halisubiri.

Kwa hiyo zivike pete nguo kavu. Anza na unga wa ngano, kwa sababu kitunguu ni maji karibu asilimia 90 na yai huteleza juu yake. Kisha yai, kisha chenga za mkate mkavu ulizozichanganya na vijiko viwili vya mafuta. Ndiyo, mafuta. Bila hayo chenga hubaki nyeupe, na mdomoni ni vumbi tupu. (Anayekwambia hata tone halihitajiki, muulize kama alizila mwenyewe.)

Panga safu moja, nyuzi 200, dakika 8 hadi 10, ukizigeuza katikati. Zinazolaliana hulainika, maana mvuke hauna pa kutokea. Na usizifunike mezani.