Samatta wa Anfield na Samatta wa Villa ni mtu yuleyule

Kila nikifundisha washambuliaji wa vijana, swali la Mbwana Samatta, mshambuliaji wa Tanzania, haliniachi: Kocha, kwani Aston Villa alikwama wapi? Mechi 14 za Ligi Kuu ya Uingereza, bao 1. Ukitazama namba peke yake, umeshamhukumu.

Mimi huwawekea video ya Novemba 5, 2019, Genk ya Ubelgiji, klabu yake ya wakati huo, wakiwa Anfield, uwanja wa Liverpool. Inapigwa kona. Mwache mpigaji, mkodolee macho Samatta: anachomoka kwenda nguzo ya karibu, anawahi mbele ya beki, kichwa, 1-1. Liverpool walishinda 2-1, lakini somo liko palepale. Hakumzidi mtu kimo, alimzidi muda. Ukichomoka mapema beki anakusoma. Ukichelewa unakutana na mgongo wake. Unaondoka mguu wa mpigaji unaposhuka kwenye mpira, basi.

Sasa, mbio za namna hiyo zinadai mpira uje bila kuchelewa. Msimu wa 2018/19 Genk walikuwa na Trossard na Malinovskyi, wapishi wa mabao ambao hawamsubirishi namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati. Samatta akafunga mabao 23 ya ligi, wakachukua ubingwa wa Ubelgiji. Na hakufika Genk Januari 2016 akiwa mbichi. Alitoka TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, na ubingwa wa klabu wa Afrika wa 2015, pamoja na tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya bara. (Wanaosema alipoteza muda Lubumbashi huwa siwaelewi. Ukomavu wake ulipikwa kule.)

Villa walimchukua Januari 2020 baada ya mshambuliaji wao Wesley kuumia goti, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile. Timu ilikuwa inapigania kutoshuka daraja, na mashambulizi karibu yote yalipita kwa nahodha wao, Grealish. Fundi hasa, ila anapenda kukaa na mpira, anakata ndani kutoka kushoto, anavuta beki wa pili. Wakati huo namba tisa ameshakimbia, nafasi imekufa, arudi aanze upya. Mara tatu, mara nne. Kwenye takwimu mbio hizo hazipo. Halafu corona ikasimamisha ligi hata hajazoeana na wenzake, na Septemba akawa Fenerbahçe ya Uturuki.

Lakini katikati ya hayo kuna Machi 1, 2020, Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. El Ghazi, winga wa Villa, anapata upenyo, anapiga krosi, Samatta anajirusha, kichwa, nyavuni. City walibeba kombe kwa 2-1. Weka video hiyo kando ya ile ya Anfield uone miguu yake inavyoondoka.

Juzi mazoezini winga wangu mmoja alipiga krosi safi kwa mguso wa kwanza, bila hata kutuliza. Namba tisa alikuwa bado amesimama, mkono umeinuliwa, anaomba mpira mguuni.