“Kiwanja ni Changu, Jina Tu Ndilo la Rafiki”: Dhana Potofu Kuhusu Ardhi, Nyumba na Usalama Kijijini Indonesia

Kauli ninayoisikia kuliko zote kutoka kwa Waswahili wanaotaka kuweka makazi vijijini Indonesia ni hiyo ya hapo juu: wamelipia kiwanja wao, hati imeandikwa jina la rafiki Mwindonesia. Huyu ameoa Lombok, yule alisoma Yogyakarta akapapenda, mwingine alifahamiana na familia ya Kijava walipokuwa wote kazini Ghuba. Wanakuja na bahasha ya karatasi, wanataka wathibitishiwe kwamba wamelindwa. Hawajalindwa, na kinachoniuma ni kwamba wengi huuliza baada ya pesa kutoka, wakati swali lilikuwa la kuulizwa kabla.

“Tumeandikiana mbele ya notari, kwa hiyo ardhi ni yangu”

Si yako. Sheria Na. 5 ya mwaka 1960, ambayo ndiyo msingi wa sheria zote za ardhi Indonesia, inasema katika kifungu cha 21 kwamba *hak milik*, yaani umiliki kamili usio na ukomo wa muda, ni ya raia wa Indonesia tu, pamoja na taasisi chache zilizoruhusiwa rasmi, kama benki za serikali na taasisi za dini. Hicho watu wanakijua. Wasichokisoma ni kifungu cha 26, fungu la 2: mauzo, zawadi, wosia au tendo lolote linalokusudia kumpa mgeni hak milik, kwa njia ya wazi au ya kuzunguka, ni batili, ardhi inaangukia kwa serikali, na malipo yaliyokwisha kufanyika hayadaiwi. Hilo la mwisho lisome mara mbili. Ukienda mahakamani kuthibitisha kwamba pesa ya kununulia ilikuwa yako, unathibitisha pia kwamba sheria ilivunjwa.

Bahasha yenyewe huwa na karatasi nne zilezile. Kuna tamko la rafiki kwamba pesa zilitoka kwako. Kuna hati ya deni inayoonyesha kwamba amekukopa kiasi sawa na bei ya kiwanja. Kuna hati ya uwakilishi inayokuruhusu kuuza. Na kuna mkataba wa kukupangisha kiwanja hichohicho kwa miaka mingi. Ukizisoma moja moja zinaonekana nzito, lakini tazama kila moja inavyofanya kazi. Tamko ndilo ushahidi wa kwanza wa kukiuka kifungu cha 26. Deni ni la kuigiza, na hakimu akiliweka kando ya tamko analiona hivyo. Uwakilishi usioweza kutenguliwa, wanaouita *kuasa mutlak*, umepigwa marufuku katika kuhamisha haki za ardhi tangu agizo la Waziri wa Mambo ya Ndani la mwaka 1982. Na uwakilishi wa kawaida hufa siku aliyeutoa anapofariki. Mkataba wa kupanga ndio pekee ungeweza kusimama wenyewe, kama ungekuwa wa kweli, lakini hapa umefungwa pamoja na zile tatu na unazama nazo.

“Lakini rafiki yangu ni mtu mwema.” Nakubali. Shida mara nyingi haimhusu yeye. Akifariki, warithi wake wanapeleka shauri Mahakama ya Dini kama ni Waislamu, mirathi inagawanywa, na kiwanja ni sehemu ya mirathi kwa sababu hati ina jina la marehemu. Akiachana na mkewe, kiwanja kilichonunuliwa ndani ya ndoa kinahesabiwa mali ya pamoja. Akishindwa kulipa mkopo, mdai anakikamata. Katika hali zote tatu hakuna aliyekuibia. Sheria imefuata jina lililo kwenye daftari.

Wenye wenzi wa Kiindonesia nao wana toleo lao: “Ni jina la mke wangu, kwa hiyo hakuna tatizo.” Tatizo lipo kama hamkuandikiana mkataba wa ndoa unaotenganisha mali. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1974, kinachopatikana ndani ya ndoa ni cha wote wawili, na nusu yako wewe mgeni ndiyo inayoiharibu hak milik ya mwenzako. Zamani mkataba huo ulipaswa kuandikwa kabla ya kufunga ndoa. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba Na. 69/PUU-XIII/2015, uliotolewa Oktoba 2016, unaweza kuandikwa hata ndoa ikiwa imekwisha fungwa. Unakwenda kwa notari, kisha unausajili KUA, ofisi inayosajili ndoa za Kiislamu, kama mlioana Kiislamu, au ofisi ya usajili wa raia kama si hivyo. Usiposajiliwa haumfungi mtu wa tatu, na mnunuzi, benki na mdai wote ni watu wa tatu. Ukishasajiliwa, kiwanja ni cha mke kikamilifu. Akitangulia ukakirithi, una mwaka mmoja wa kukiuza au kukihamishia anayestahili, la sivyo haki inaanguka. Kukiandika kwa jina la mtoto mwenye uraia wa nchi mbili hakusaidii: kifungu cha 21 hichohicho kinamzuia mwenye uraia wa kigeni hadi abaki na ule wa Indonesia peke yake, na sheria ya uraia ya 2006 inampa hadi umri wa miaka 21 kuchagua.

Ufanye nini basi? Kodi kiwanja, na ukikodi kwa uwazi. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi, KITAS (cha muda) au KITAP (cha kudumu), anaruhusiwa kukodi ardhi kwa ajili ya jengo, na anaruhusiwa pia kupata *hak pakai*, haki ya matumizi inayosajiliwa. Juu ya ardhi ya mtu binafsi hak pakai ni hadi miaka 30, na inaweza kufanywa upya kwa makubaliano. Kwa mgeni anayetaka nyumba, hak pakai ina masharti ya bei ya chini ambayo kwa Java na Bali yanafika mabilioni ya rupia, kwa hiyo nyumba ya kawaida ya kijijini haifikii. Ndiyo maana kwa wengi nashauri kukodi, kwa hati ya notari, na kabla ya rupia moja kutoka mambo haya yawe yamekamilika:

Notari apeleke hati ya asili ofisi ya ardhi, BPN, ikaguliwe kama haina rehani, zuio wala kesi, nakala haikaguliki. Mwenye kiwanja na mwenzi wake wa ndoa wote wasaini. Kama kiwanja ni cha urithi, warithi wote wasaini, hata yule aliyehamia Sumatra, maana ndiye atakayerudi. Mkataba useme wazi kwamba unaendelea kwa warithi wa pande zote mbili. Sheria ya Madai, kifungu cha 1576, inasema mauzo hayavunji upangaji, lakini iandikwe hata hivyo, kwa sababu upangaji hauingizwi kwenye daftari la ardhi na mnunuzi anaweza kudai hakujua. Kanuni ya kukokotoa bei ya kurefusha muda iandikwe leo, maana “tutaelewana” haina tarakimu. Iandikwe jengo litakuwa la nani mwisho wa muda. Na njia ya kuingilia: kama inapita kwenye shamba la jirani, jirani asaini ruhusa yake. Kiwanja kisicho na njia ni bei rahisi kwa sababu hiyo tu.

“Ana risiti za kodi za miaka yote na girik ya babu yake”

Karatasi ya kodi ya ardhi, SPPT PBB, inaonyesha nani anatozwa kodi. Haithibitishi umiliki, na mara nyingi jina lililomo ni la marehemu. *Girik* na dondoo za Letter C, lile daftari linalotunzwa na karani wa kijiji, zilikuwa ushahidi wa haki za kimila. Kanuni ya Serikali Na. 18 ya 2021 ilitoa miaka mitano ya kuzisajili, na muda huo ulikwisha Februari 2026. Baada ya hapo zimebaki kuwa kielelezo cha kusaidia usajili, si uthibitisho wa haki. Mwenye girik aende akasajili kwanza, ndipo muongee bei.

“Mkuu wa kijiji alishuhudia na akapiga muhuri”

Mkuu wa kijiji ni shahidi mzuri wa mipaka na ukoo. Haki ya ardhi hahamishi. Inahamishwa kwa hati ya PPAT, ofisa maalumu wa hati za ardhi. Maeneo yasiyo na PPAT wa kutosha, camat, mkuu wa tarafa, hushika nafasi hiyo kwa muda. Muuzaji analipa kodi ya mapato ya asilimia 2.5, na mnunuzi analipa BPHTB, kodi ya kupata haki ya ardhi na jengo, ya hadi asilimia 5 ya thamani inayozidi kiwango kisichotozwa. Kwitansi, yaani risiti, yenye stempu ya ushuru imethibitisha kwamba pesa zimepokelewa, basi.

Uliza pia kama kiwanja ni *tanah bengkok*. Hiyo ni ardhi ya kijiji ambayo viongozi huilima badala ya mshahara au kama nyongeza yake. Anayeilima leo anaweza kukuonyesha mipaka yote bila kusita, na hana haki ya kuiuza. Mpunga unaouona umejaa maji nao uulizie: mashamba yaliyotengwa kwa chakula chini ya sheria ya 2009 hayajengwi nyumba hata kama hati ni safi.

“Nyumba ya tofali ni salama kuliko ya mbao na mianzi”

Hapa tena nakosa subira, kwa sababu dhana hii inaua. Tetemeko la Yogyakarta na Bantul la tarehe 27 Mei 2006, la kipimo cha takriban 6.3, lilipiga kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, watu wengi wakiwa ndani. Zaidi ya 5,700 walifariki, wengi chini ya kuta za tofali zisizo na nondo. Cianjur, Novemba 2022, lilikuwa la 5.6 tu na watu takriban 600 walikufa, kwa sababu lilikuwa karibu na uso wa ardhi na kuta zilikuwa zilezile. Nyumba ya *gedek*, yaani kuta za mianzi iliyofumwa, hupinda na kurudi. Ikianguka, haina uzito wa kukufunika.

Tofali linaweza kuwa salama likifungwa. Miongozo ya wizara ya ujenzi ya Indonesia kwa nyumba ya chini isiyo na ghorofa si migumu: mkanda wa zege wa chini juu ya msingi wa mawe, nguzo kila kona na kila makutano ya kuta, mkanda wa juu unaozunguka nyumba nzima. Nguzo ni sentimita 15 kwa 15, nondo nne za milimita 10, ringi za kuzifunga nondo hizo za milimita 8 kila sentimita 15. Zege ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, tatu za kokoto. Mota ya kujengea, saruji moja kwa mchanga nne. Kipande cha ukuta kisichofungwa kisizidi mita 9 za mraba. Kila safu sita za tofali, chomeka nondo ya milimita 10 kutoka kwenye nguzo iingie ukutani sentimita 40 au zaidi.

Fundi hukosea sehemu mbili, na zote hufunikwa na zege, kwa hiyo simama hapo kabla hajamwaga. Kwanza, ncha za ringi huzikunja nyuzi 90, na tetemeko likija zinafunguka. Zikunjwe nyuzi 135 ziingie ndani ya zege. Pili, kwenye kona hukata nondo za mkanda palepale badala ya kuzipindisha ziende upande wa pili angalau sentimita 40. Mkanda wenye kona hiyo unafunguka pale panapohitajika kushika. Na ule ukuta wa pembetatu chini ya paa, ambao huanguka wa kwanza, usiujenge kwa tofali kabisa. Weka mbao.

Ukinunua nyumba iliyokwisha jengwa, tafuta ufa wa mshazari kuanzia kona za madirisha, kisha panda darini uone kama kuna mkanda juu ya ukuta. Plasta mpya na rangi mpya kwenye nyumba ya zamani ziwe sababu ya kugonga ukuta na kuuliza zaidi.

“Kwenye tsunami, bahari hurudi nyuma kwanza, na king’ora kitalia”

Wakati mwingine bahari hairudi. Palu, Septemba 2018, mawimbi yalifika dakika chache baada ya tetemeko. Mlango-bahari wa Sunda, Desemba mwaka huohuo, yalikuja bila tetemeko la kuwaamsha watu kwa sababu ubavu wa volkano ulimomonyoka. Wenyeji wa kisiwa cha Simeulue walinusurika 2004 kwa sababu wazee waliwafundisha neno *smong* tangu wimbi la 1907: ardhi ikitikisika sana, panda kilimani. Mawimbi yale ya 2004 yalivuka hadi Somalia, Kenya na Tanzania na kuua, kwa hiyo si habari za mbali kwetu. Kanuni inayofundishwa sasa ni ishirini tatu: ukitikisika sekunde 20, una dakika 20, fika mwinuko wa mita 20. Ufike kwa miguu; pikipiki zitajaa barabarani.

“Kijijini ni salama, sihitaji kujitambulisha kwa mtu”

Usalama wa kijiji unatokana na watu kujua nani amelala wapi. Kibao cha *tamu wajib lapor 1 x 24 jam*, yaani mgeni lazima aripoti ndani ya saa 24, kinakutaka uripoti kwa mkuu wa RT, kitengo kidogo cha majirani, ambaye kazi yake Mtanzania ataielewa upesi akimfikiria balozi wa nyumba kumi. Peleka nakala ya pasi na kibali, na ripoti kila mgeni anayelala kwako. Ingia kwenye zamu ya *ronda*, doria ya usiku, au lipa mchango wa asiyeweza. Kwenye kibanda cha doria kuna ubao wa mapigo ya *kentongan*, ile ngoma ya mti au mwanzi: kwa kawaida mawili mawili ni wizi, matatu matatu ni moto. Soma ubao wa kijiji chako siku ya kwanza, kwa sababu mapigo hutofautiana, na usiku wa moto hakuna atakayekuja kukufasiria.