Kumbukumbu ya Jengo: Maana Yake kwa Mji wa Kale wa Lamu

Kumbukumbu ya jengo ni maelezo yaliyopimwa, kuchorwa, kupigwa picha na kuandikwa, yanayoonyesha jengo lilivyokuwa siku fulani: umbo lake, hali yake na matumizi yake. Hivyo ndivyo inavyoelezwa, kwa ufupi, katika kanuni zilizopitishwa mjini Sofia mwaka 1996 na ICOMOS, baraza la kimataifa la wataalamu wa majengo na maeneo ya kihistoria. Dhana hii huchanganywa mara nyingi na uhifadhi, ilhali hizo ni kazi mbili. Uhifadhi huuzuia ukuta usianguke. Kumbukumbu humwambia anayeuzuia kwamba ukuta huo ni wa namna gani, na ukuta ukianguka kabla hajaanza kazi, kumbukumbu humwachia angalau kitu cha kusoma.

Msafiri anayeanzia Gedi, akapita Malindi, kisha akavuka kwa boti kutoka Mokowe hadi Lamu, huiona tofauti hiyo kwa macho yake. Gedi ni mji uliohamwa. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuuchimba mwaka 1948, hapakuwa na mtu wa kumweleza kwamba nyumba hii ilikuwa ya nani au chumba kile kilikuwa cha nini, ndiyo sababu nyumba za pale zinaitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Kaburi moja lenye maandishi ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 wa Miladi, limekuwa tegemeo kubwa la wanaotaka kuujua umri wa mji huo. Kirkman alifanya alichoweza, lakini jina la mkasi si jina la mwenye nyumba.

Lamu ina bahati ambayo Gedi haikuipata, kwa kuwa watu bado wanaishi katika nyumba zile zile. Anayepima nyumba ya mawe mtaani Mkomani anaweza kuuliza, naye akajibiwa. Ataambiwa kwamba barazani penye kivuli, mbele ya mlango wa nakshi, ni daka, mahali ambapo mgeni wa kiume hupokewa bila ya kuingia ndani. Kwamba baada ya mlango pana tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa juu. Kwamba vyumba virefu vinavyofuatana ni msana wa tini na msana wa yuu, na nyuma yake ni ndani, chumba cha faragha zaidi, ambacho ukuta wake hupambwa kwa zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu. Sabule ni chumba cha wageni. Mchoro unaoviita vyumba hivi namba 1, namba 2 na namba 3 unaweza kuwa sahihi kwa kila sentimita, na bado ukawa umepoteza nusu ya jengo. Hata tamshi lina uzito: Kiamu, lahaja ya Lamu, husema tini na yuu pale Kiswahili sanifu kinaposema chini na juu, na mwandishi anayesahihisha maneno hayo amekwisha kulibadilisha analolihifadhi.

Vipimo navyo vina lugha yao. Msana ni mrefu lakini mwembamba, na wageni wengi hudhani hayo ni mapendeleo tu ya wajenzi, kumbe upana wake umewekwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti. Kumbukumbu nzuri huandika pia kwamba kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, habari inayoonekana ndogo mpaka fundi asiyeijua alete saruji. Saruji huziba ukuta ambao ulizoea kupumua. Unyevu na chumvi hubaki ndani, na plasta mpya huanza kubanduka pamoja na sehemu ya ukuta wa zamani. Mwenye nyumba hurudia kazi, tena kwa saruji ile ile.

Katika miaka ya 1970 Usam Ghaidan na Francesco Siravegna waliupima na kuuchora mji huu, na kazi yao ikasaidia kuweka msingi wa mipango ya kuuhifadhi, miaka mingi kabla ya UNESCO kuuingiza Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Siku hizi vipo vipima vya leza vinavyonasa mamilioni ya nukta kwa muda mfupi, nukta zinazounganishwa katika kompyuta kuwa sura kamili ya jengo. Chombo hicho ni cha thamani, ila hakijui kubisha hodi.

Na hodi ni sehemu ya kazi yenyewe. Nyumba ya Kiamu imejengwa kwa sitara: njia ya kuingilia imepindwa ili mpita njia asione ndani, na kila hatua kutoka dakani ni hatua kuelekea kwenye faragha ya familia. Kumbukumbu inayoheshimu jengo hili haiwezi kuanika kila picha ya ndani kwa kila mtu. Huamua pamoja na wenyewe kipi kibaki katika hifadhi ya nyaraka na kipi kionyeshwe, na ni busara kuwapa familia nakala ya kila kilichochukuliwa, pamoja na nakala za hati zao za wakfu au za urithi zilizosomwa katika kazi hiyo.

Mwisho ni suala la tarehe, ambalo husahaulika kuliko yote. Kwa kuwa kumbukumbu inaeleza siku moja tu, haimalizwi mara moja. Daka lililochorwa na baraza zake mbili huenda leo limezibwa likawa duka, na mchoro wa zamani hauwi wa uongo kwa sababu hiyo, mradi mwaka wake umeandikwa pembeni na pana mchoro mwingine, wa mwaka mwingine, wa kuulinganisha nao.