Dodoso la ubora wa maisha kwa Kijapani: dhana potofu na ukweli

Dhana: Dodoso likishathibitishwa Marekani, Japani inahitaji mtafsiri mzuri tu.

Chukua dodoso la Kimarekani liitwalo SF-36: lina maswali 36 yanayopima ubora wa maisha unaohusiana na afya kwa mizani 8, yaani makundi ya maswali yenye alama zake. Kwa Kiingereza huuliza kama afya inamzuia mtu kufanya shughuli za wastani, kama vile kusogeza meza au kucheza gofu. Mzee wa Kijapani ambaye hajawahi kucheza gofu akijibu "nazuiwa sana", hujui ni magoti au ni mazoea. Ndiyo maana toleo la Kijapani linataja kusafisha nyumba au bustani na kutembea saa 1 hadi 2, na maili imekuwa kilomita. Kinachopaswa kulingana ni uzito wa shughuli.

Dhana: Tafsiri rejeshi, yaani tafsiri iliyorudishwa kwenye lugha ya awali, ikifanana na matini asilia, kazi imekwisha.

Tafsiri ya neno kwa neno hurudi vizuri kuliko zote, hata pale Kijapani chake kinapomkanganya msomaji. Anza na watafsiri 2, kila mmoja peke yake, kisha patanisha kazi zao. Tafsiri rejeshi ifanywe na mtu ambaye hajaona matini asilia. Baada ya hapo wahoji wagonjwa 5 hadi 8, kila mmoja aeleze kwa maneno yake alivyolielewa kila swali. Usiiruke hatua hii hata bajeti ikibana: hakuna nyingine inayomsikiliza mjibuji mwenyewe.

Dhana: Alfa ya Cronbach ya 0.9 inathibitisha uhalali.

Uhalali ni dodoso kupima kile linachokusudia; alfa, kipimo cha takwimu, inaonyesha tu kwamba majibu ndani ya mizani moja yanakwenda pamoja, na hupanda hata kwa kuongeza maswali. Ikipita 0.95, shuku kwamba maswali yanarudiana. Uthabiti wa muda upime kando: rudia dodoso baada ya wiki 2 hivi kwa wagonjwa 50 au zaidi ambao hali yao haijabadilika, ukitarajia uwiano kati ya majibu ya mara ya kwanza na ya pili wa 0.70 kwenda juu.

Dhana: Alama zitajumlishwa vilevile kila nchi.

Hili ndilo kosa zito zaidi, kwa sababu halionekani kwenye karatasi ya maswali. Marekani mizani 8 hufupishwa kuwa alama 2, ya mwili na ya akili. Data za Japani hazikukaa hivyo, na mwaka 2011 ulichapishwa muundo wa alama 3: mwili, akili, na majukumu pamoja na maisha ya kijamii. Mizani mbili za majukumu, yaani kukwama kwa sababu ya mwili na kukwama kwa sababu ya hisia, zilijikusanya pamoja na ile ya kijamii. Ukitumia uzani wa Kimarekani, yaani uzito ambao kila mizani hupewa katika kujumlisha, mgonjwa aliyeshindwa kazi anaweza kuhesabiwa upande usio wake. Anayelinganisha wagonjwa wa Osaka na wa Boston aonyeshe kwanza mizani zote 8, ataje ametumia viwango (alama za kawaida za watu) vya taifa gani, ndipo ajumlishe.