Usalama wa gari na ulaji wa mafuta: mvutano uko kwenye kilo

Fundi bodi akivua paneli ya ndani ya mlango wa gari la miaka ya karibuni, hukuta bomba la chuma limelazwa kutoka upande wa bawaba hadi upande wa kitasa. Halishiki kioo wala spika. Limewekwa pale ili gari jingine likikuingia ubavuni lisikufikie kitini. Marekani ilianza kudai milango yenye nguvu ya namna hiyo mwaka 1973. Bomba hilo lina kilo zake, nawe unazizungusha mjini kila siku, ajali iwepo isiwepo.

Mvutano wenyewe ndio huo. Kanuni za usalama huongeza vitu kwenye gari: mabomba, eabegi, bodi iliyoimarishwa. Kanuni za mafuta zinataka gari liwe jepesi. Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba gari likipunguzwa uzito kwa asilimia 10, ulaji wake wa mafuta huwa nafuu kwa asilimia 6 hadi 8. Kilo huuma zaidi kwenye foleni, maana kila ukikanyaga breki, mwendo ulioulipia kwa mafuta unageuka joto, na ukiondoka unaununua upya. Barabara kuu, mbabe ni upepo.

Wenye Kirikuu wanalo gari la mfano. Suzuki Carry, ndiyo Kirikuu yenyewe, iko kwenye kundi la magari madogo ambalo Japani huliwekea mipaka ya ukubwa na injini. Mwaka 1998 mipaka ilisogezwa kwa ajili ya usalama kwenye ajali: urefu kutoka mita 3.3 hadi 3.4, upana kutoka mita 1.40 hadi 1.48. Injini ikaachwa palepale, cc 660. Mzigo umeongezeka, punda ni yuleyule.

Marekani ilivuta pia kutoka upande wa pili, wa mafuta. Baada ya mafuta kuadimika mwaka 1973, Bunge lilipitisha sheria ya 1975 iliyotaka magari mapya yafikie wastani wa takribani kilomita 11.7 kwa lita ifikapo 1985. Watengenezaji wakayapunguza magari mwili. Mwaka 2002 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti ilikadiria kwamba kupunguza huko huenda kulichangia vifo 1,300 hadi 2,600 zaidi katika mwaka 1993 pekee. Wajumbe wawili wa kamati hiyohiyo walikataa hitimisho hilo, na ubishi haujaisha.

Nami naona ubishi huo una haki yake, kwa sababu "zito ni salama" ni kauli ya kuuliza: salama kwa nani? Chukua gari la kilo 1,000 na la kilo 2,000, kila moja likienda kilomita 50 kwa saa, yagongane uso kwa uso na kung'ang'aniana. Yote mawili yataishia kusukumwa kwa kilomita 17 hivi kuelekea kule zito lilikokuwa likienda. Walio kwenye zito wamepoteza kasi ya kilomita 33. Walio kwenye jepesi wametoka 50 za kwenda mbele hadi 17 za kurudi nyuma, yaani mabadiliko ya 67, kufumba na kufumbua. Sehemu ya kipigo imehamia kwa jirani.

Baadaye Marekani ilibadili kipimo. Kuanzia magari ya modeli ya 2011, lengo la mafuta hutegemea eneo lililo kati ya magurudumu manne, hivyo mtengenezaji hapati nafuu kwa kulifupisha gari. Anabaki na njia ya kulipunguzia kilo bila kulipunguzia nafasi. Ford ilipoihamishia bodi ya pikapu yake ya F-150 ya 2015 kwenye aluminiamu, ilitangaza kupunguza hadi kilo 318.

Na wanaosema magari ya zamani yalikuwa chuma kweli? Mwaka 2009 taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kwa kilomita 64 kwa saa, uzito wao ukikaribiana. Bel Air ilijikunja hadi kwenye kiti cha dereva. Malibu ilijikunja kwenye boneti, kama ilivyoundwa, na sanduku la abiria likabaki na umbo lake. Sanamu la majaribio lililokalishwa kwenye kiti cha dereva cha Malibu lilionyesha jeraha dogo la mguu.